Waya mweupe katika mji wa shaba

Jumapili tulikuwa kwa yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, komini Katuba hapa Lubumbashi. Bukari, ugali wetu, ilikuwa bado inafuka mvuke mezani wakati harufu ya plastiki inayoungua ilipotufikia kutoka chumbani. Mtoto wake wa mwisho alikuwa amelala mule. Yaya alimnyakua akatoka naye nje pekupeku, mimi nikakimbilia kukata umeme. Prizi, soketi ya ukutani, ilikuwa imeyeyuka na ukuta umekuwa mweusi mpaka usawa wa dirisha. Kilichochomekwa pale ni resho moja tu, jiko dogo la umeme, ileile inayochemsha maharagwe kila siku.

Fundi alifika jioni. Akachomoa waya ukutani, akaukwangua kwa kisu. Wekundu ukatoka kama ganda la kitunguu, ndani kukabaki cheupe. Aluminiamu iliyopakwa shaba! Juu ya plastiki yake kumeandikwa kwa herufi nzuri 2,5, yaani unene wa waya kwa milimita za mraba, na neno Germany. Yaya aliyakumbuka maneno ya muuzaji kule Kenya, komini ya hapahapa Lubumbashi: "Mama, hii njo ya Bulaya, utaiachia bajukulu." Kwa neno hilo moja aliongeza makuta, pesa zake.

Majirani waliojaa uani walikuwa na jibu tayari. "Vitu vya Wachina hivyo, wameandika tu Ujerumani." Kila mtu akaitikia kwa kichwa, habari ikaishia hapo. Mimi sikuitikia, na tangu siku ile nina donge kooni.

Huenda waya ule ulitoka China kweli. Lakini simu tulizokuwa tunamulikia ile prizi iliyoungua nazo zimetoka huko. iPhone nyingi duniani huunganishwa China, na sijasikia mtu wa Lubumbashi akiitupa kwa sababu hiyo. Nchi ni moja, kazi ni mbili. Basi tuulize nani aliagiza kazi ya aina gani.

Jirani yangu wa zamani ni mfanyabiashara, huenda Guangzhou mara kwa mara, na aliwahi kunieleza mambo yanavyokwenda. Kiwandani huulizwi kama unataka kizuri au kibaya. Unaulizwa bei. Ukitaja bei ya shaba, unapewa shaba. Ukitaja nusu yake, watapunguza unene, watachanganya, watapaka. Ukitaka waya mwembamba uandikwe 2,5, yupo atakayeuandika. Ukitaka na jina la Ujerumani, yupo pia. Aliponiambia hayo nilicheka. Sasa sicheki, kwa sababu nimeelewa kwamba aliyeamua mtoto wa yaya alale kando ya waya ule huenda si Mchina hata kidogo. Huenda ni mtu anayekula bukari kama sisi, aliyekaa hotelini akapiga hesabu ya faida yake.

Na hesabu hiyo inaua. Kwa unene uleule, aluminiamu hupitisha umeme kama asilimia 61 tu ya shaba. Waya wa 2,5 wa shaba halisi unabeba resho bila kutoka jasho. Huu unapata joto, na plastiki yake inalainika. Tena aluminiamu ikibanwa na skrubu hulegea polepole, ikajivika ukoko usiopitisha umeme, na pale kwenye kiungo ndipo moto unapozaliwa. Ndiyo maana ilianza kuyeyuka prizi.

Hilo jina lenyewe lililomdanganya yaya lina historia ambayo majirani wangepaswa kuisikia. Mwaka 1876, kwenye maonyesho ya Philadelphia, Mjerumani Franz Reuleaux aliandika kuhusu bidhaa za nchi yake mwenyewe kwamba ni za bei ndogo na mbovu. Mwaka 1887 Waingereza wakatunga sheria ya chapa za bidhaa, kitu cha kigeni kisijifanye cha Uingereza. Kwa vya Wajerumani, jina la nchi lilikusudiwa liwe onyo kwa mnunuzi. Wajerumani wakarekebisha kazi yao, na onyo likageuka sifa. Ardhi ilikuwa ileile, watu walewale. Japani nayo ilipita njia hiyo: baada ya vita vitu vyake vilidharauliwa, mwaka 1950 wakamsikiliza Mmarekani W. Edwards Deming akiwafundisha kupima ubora, na mwaka uliofuata wakaanzisha tuzo kwa jina lake.

Sikatai kabisa kwamba nchi ina uzito wake. Waya ukiunguza nyumba kule Ujerumani, aliyeuuza atatafutwa na atajibu. Lakini tazama vizuri: hiyo ni nguvu ya nchi ambamo kitu kinauzwa, na kiwanda cha China kinachowauzia Wajerumani kinaiogopa vilevile. Sisi yaya wangu atamshtaki nani? Hakupewa hata karatasi ya malipo. Mbabula ya mama yetu, jiko lake la makaa, ilifuliwa na fundi wa hapohapo Katuba, haina chapa wala jina la nchi, na inapika kila umeme unapokatika. Mguu wake ulipong'oka mama aliibeba mpaka kwa fundi, akamsimamia hadi ikarekebishwa. Alijua fundi huyo anapoketi.

Linaloniuma zaidi ni kwamba haya yametokea Lubumbashi. Mkoa huu uliitwa Shaba mpaka 1997! Kabla Mbelgiji hajafika, mababu wa Katanga walikuwa wakiyeyusha mawe ya kijani na kumimina misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha. Union Minière, kampuni ya Wabelgiji, ilianzishwa mwaka 1906 kwa ajili ya shaba hiyo. Mpaka leo mgeni akifika tunamwonyesha bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, na mlima mweusi wa mabaki kando yake. Mwaka 2024 Congo ilikuwa ya pili duniani kwa kuchimba shaba, baada ya Chile. Malori yanapanga foleni kuelekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia, yakiwa na bamba za shaba yenye usafi wa zaidi ya asilimia 99,9. Zinapita mbele ya macho yetu, zinavuka. Halafu anakuja mtu kutuuzia aluminiamu iliyopakwa ngozi ya shaba, na sisi, wana wa shaba, hatuikwangui hata kwa ukucha. Tunasoma jina la nchi, tunalipa.

Wapo watakaosema maskini hana uchaguzi, atanunua cha bei ndogo. Yaya hakununua cha bei ndogo. Alilipia Ulaya.

Jumanne nilikwenda na fundi komini Kenya kutafuta waya mwingine. Hakusoma maandishi ya mtu. Aliinua kila rulo kwa mkono mmoja kwanza, kwa sababu aluminiamu haifiki hata theluthi ya uzito wa shaba na mkono uliozoea unajua. Kisha alimwomba muuzaji ruhusa ya kukwangua ncha. Wa kwanza alikataa, tukaondoka. Wa pili alikubali, ndani kukatoka cheupe, akaanza kutueleza kwamba hiyo ni ya Ufaransa. Wa tatu, kijana mdogo mwenye meza barabarani, alimpa fundi kisu chake mwenyewe. Fundi alikwangua, akakata, akakwangua tena. Nyekundu mpaka katikati. Bei ilikaribia kuwa mara mbili ya ile aliyolipa yaya, nikaitoa.

Wakati kijana anahesabu makuta niligeuza rulo nione kumeandikwa nini. China. Fundi alikuwa ameshaanza kuifunga kwenye baiskeli.