Essien na lawama za Ghana

Michael Essien aliacha soka la kimataifa akiwa na mechi 58 na mabao 9, na hesabu hiyo ndiyo inayotajwa kila unapozuka mjadala iwapo kiungo huyo aliitumikia Ghana kama alivyoitumikia Chelsea, aliyoichezea mechi 256. Wanaomlaumu hawakosi hoja. Baada ya majeraha ya 2010 alijiweka kando na Black Stars, timu ya taifa ya Ghana, hadi 2013, na katika kipindi hicho zikapita fainali mbili za Kombe la Mataifa ya Afrika. Ile ya mwaka 2013 ilimkuta akiwa Real Madrid kwa mkopo, akipangwa hata nafasi ya beki, na hapo ni vigumu kumtetea. Alipokwenda Kombe la Dunia la Brazil mwaka 2014, ubora wake ulikuwa umekwisha.

Hata hivyo, idadi ya mechi haielezi goti lake liliharibikia wapi. Septemba 2008, katika mechi ya kufuzu dhidi ya Libya, alikatika kano ya goti akiwa amevaa jezi ya Ghana, akakaa nje takriban miezi sita. Aliporejea Machi 2009 alifunga Turin dhidi ya Juventus, na mwezi Mei akaachia lile kombora la mguu wa kushoto ambalo lingeipeleka Chelsea fainali ya Ulaya kama Iniesta wa Barcelona asingesawazisha katika dakika za nyongeza. Ilionekana wazi kwamba amepona. Desemba msuli wa paja ukamsumbua, lakini Januari 2010 akawa Angola na timu ya taifa kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, akaingia akitokea benchi dhidi ya Ivory Coast, kisha akaumia goti mazoezini. Msimu wake uliishia hapo, na Kombe la Dunia la Afrika Kusini likampita. Jeraha la tatu, la Julai 2011, ndilo pekee kati ya hayo makubwa ya goti alilolipata akiwa na klabu yake.

Ghana bila yeye ilifika fainali kule Angola, na miezi michache baadaye dhidi ya Uruguay, ikawa penalti moja tu kutoka nusu fainali ya Kombe la Dunia. Ajabu ni kwamba matokeo hayo hutumiwa kumshitaki kwa njia mbili: kwamba timu haikumhitaji, na kwamba kama angekuwepo, Uruguay isingepona. Anayeshikilia shitaka la kwanza hana budi kuliacha la pili. Wanaosema hakuwa na moyo na taifa nao wanasahau robo fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika ya 2008 dhidi ya Nigeria, ambapo ni yeye aliyesawazisha kwa kichwa kabla ya Agogo kufunga la ushindi.

Kwa hiyo lawama ya 2013 naikubali; hizo nyingine zinamdai mchezaji kile ambacho Ghana ilikwisha kukichukua mwilini mwake. Swali ambalo halikuulizwa vya kutosha linawahusu waliomchukua Angola wakati alikuwa ametoka tu kuuguza paja, na Essien mwenyewe, aliyekubali kusafiri, ana sehemu yake katika jibu.