Apatimenti karibu na migahawa ya kifahari: ukiwa na watoto huo ukaribu unakusaidia nini hasa?

Kuna sentensi moja inauza vyumba kuliko hata picha ya kitanda, ile ya "hoteli ya apatimenti, inafaa familia, katikati ya mji, hatua chache toka migahawa bora". Mzazi ambaye kwa miezi kadhaa chakula chake cha usiku ni mabaki ya mtoto, tena anayala amesimama jikoni, akisoma hiyo tu kadi ya benki iko mkononi tayari. Na mimi nishaingia hapo, sio mara moja. Ila ukitulia unaona zile ni ahadi tatu tofauti zimefungwa kwenye kifurushi kimoja, na mbili kati ya hizo hazipatani kabisa, maana mtaa wenye migahawa mikubwa unachelewa kulala na mtoto anawahi.

Tuanze na apatimenti yenyewe. Hizi hoteli wala hazikuanza kwa ajili ya familia zinazotembea. Residence Inn, ambayo ni moja ya za mwanzo kabisa za aina hii, ilianzishwa 1975 Wichita, Kansas, na Jack DeBoer, mteja aliyelengwa ni mtu wa kazi anayekaa mji wa watu wiki kadhaa na kachoka kuishi kwenye chumba cha hoteli, baadaye 1987 Marriott wakainunua. Nasema hivi kwa sababu bado unauona huo urithi ukifungua kabati, sufuria mbili, glasi mbili za mvinyo, meza ya kioo yenye kona kali usawa wa paji la uso la mtoto wa miaka miwili, meza ya kufanyia kazi safi kabisa, alafu kiti cha mtoto cha kulia hakuna. Kwahiyo "apatimenti" na "inafaa familia" sio kitu kimoja, ni bahati tu kwamba vitu alivyokuwa anahitaji yule mfanyakazi (jiko, friji, mashine ya kufua) ndo hivyo hivyo mzazi anavililia.

Na kweli vinasaidia sana. Mtoto anaamka saa kumi na moja alfajiri kataka maziwa, mapokezi hakuna mtu, kwenye hoteli ya kawaida hapo unaanza kuomba dua lakini ukiwa na friji na jiko unamaliza mambo kwa dakika tatu. Nguo zimechafuka zote siku ya pili, unafua. Ila kitu kikubwa kuliko vyote hata hakiwekwagi kwenye picha, ni mlango. Mlango kati ya kitanda cha mtoto na sehemu ya wakubwa. Ukichukua studio, yaani chumba kimoja chenye kitanda na jiko humo humo, hata liwe jiko zuri namna gani, mtoto akilala saa mbili usiku na nyie ndo mmelala saa mbili, taa zimezimwa mnawasiliana kwa meseji mkiwa kitanda kimoja (usicheke, tumefanya). Ndo maana "studio ya watu wanne" yenye kochi la kukunjua huwa naruka hata kama bei imeshuka nusu, hiyo ni chumba cha hoteli chenye maikrowevu basi.

Upande wa pili lazima usemwe. Apatimenti nyingi usafi ni mara moja kwa wiki au ukae siku fulani ndo uhesabiwe, taulo ubadilishe mwenyewe, vyombo uoshe mwenyewe, kwingine ukiondoka umeacha jiko chafu wanakata kwenye dipoziti. Mapokezi yanafungwa jioni, unapewa namba ya kufungulia mlango, ukifika usiku na watoto wawili wanalia na ile namba imegoma, ndo utaijua thamani ya hoteli ya kawaida yenye mtu amekaa pale kaunta usiku kucha. Kuna wazazi wanasema likizo ya kuosha vyombo sio likizo, na siwezi kubishana nao. Kwa usiku mmoja au miwili nadhani wako sahihi kabisa, hoteli ya kawaida yenye vyumba viwili vyenye mlango wa kuunganisha inaishinda apatimenti. Ukifika usiku wa tatu hivi mizani inageuka.

Sasa hii migahawa. Watu wengi wakisema "ya kifahari" kichwani wana nyota za Michelin, zile alama ambazo kitabu cha mwongozo cha Michelin kinaipa migahawa bora, na historia ya hizo nyota inachekesha kidogo ukiiweka kwenye hili swali. Kitabu chao kilianza Ufaransa mwaka 1900, kampuni ya matairi inataka watu waendeshe magari zaidi. Nyota zikaja 1926, na mfumo wa moja mpaka tatu ukafuata 1931. Maana yake mpaka leo imebaki ya kisafiri: moja ni mgahawa mzuri ukiwa njiani simama, mbili inafaa kuchepuka, tatu inafaa ufunge safari kwa ajili yake peke yake. Yaani wazo zima la hizo nyota ni kwamba WEWE unaufuata mgahawa, hakuna mahali paliposemwa ukalale ukutani kwake. Af kingine, nyota inapima kilichomo kwenye sahani, haikuambii kama watoto wanapokelewa, kama kuna kiti kirefu cha mtoto, wala kama mhudumu atakunja uso mtoto akidondosha kijiko mara ya nne.

Na namna hii migahawa inavyofanya kazi ndo inaniharibia hesabu. Meza unabuku wiki nyingi kabla, wakati mwingine miezi, kadi yako imeshikiliwa na usipotokea unakatwa. Mingi ina ile menyu ya kuonja, vyakula vidogo vidogo vinakuja kimoja kimoja na meza nzima lazima ichukue hiyo hiyo, saa tatu zinakatika hivi hivi. Mingi inafunga Jumapili au Jumatatu au zote mbili. Kwahiyo familia inayokaa siku tano, kiukweli kabisa, itaingia kwenye mgahawa wa namna hiyo mara moja. Moja! Halafu umelipa bei ya mtaa wa gharama kwa usiku wote mitano ili uwe karibu na mlo mmoja, wakati tofauti ya bei ya usiku mmoja tu mara nyingi ingelipa teksi ya kwenda na kurudi na chenji ikabaki.

Ila nisiwe mkali sana, kuna hoja moja ya ukaribu ambayo naiheshimu, nayo ni kurudi. Ukiwa umemwacha mtoto na yaya wa kukodi ambaye mmekutana leo saa kumi jioni, moyo hautulii, na kujua kwamba akipiga simu unafika kwa dakika kumi kunabadilisha kabisa unavyokula. Au mnapokezana, mmoja anakula mchana mwingine amebaki na mtoto anayesinzia, kesho yake mnabadilishana, mchana menyu huwa fupi na bei nafuu, na hapo ukaribu unalipa kweli. Kwahiyo ukaribu una kazi, ila kazi yake ni usalama wa roho, na hiyo dakika kumi au kumi na tano za kutembea zinatosha sana, haihitaji jengo hilo hilo.

Tena jengo hilo hilo ndo naliogopa zaidi. Inakuja ile akili ya "mgahawa si upo hapo chini tu, tumwachie kamera ya simu, kila nusu saa mmoja anapanda kuchungulia". Nafahamu inavyovutia. Lakini Mei 2007 kule Praia da Luz, Ureno, mtoto Madeleine McCann alitoweka kwenye apatimenti ya mapumziko wakati wazazi wake wanakula mgahawa usiofika mita 100 kutoka hapo, na walikuwa wanapokezana kwenda kuangalia. Siwanyooshei kidole, walifikiri kama wengi wetu tunavyofikiri. Ila tukiwa wakweli ukaribu wa namna hiyo unakupa ujasiri ambao hukutakiwa kuwa nao, ungekuwa mbali ungetafuta yaya bila mjadala.

Kelele nizipitie haraka kwa sababu kila mtu anadhani anazijua. Muziki sio tatizo kubwa, tatizo ni chupa tupu zinamwagwa kwenye pipa saa saba usiku, feni ya jiko inayonguruma chini ya dirisha, na gari la mizigo alfajiri. Dirisha la uani linaweza kuwa kimya au likawa ndo linaangalia hayo mapipa, uliza. Na umbali wa kwenye tovuti za kubuku mara nyingi umepimwa kwa mstari ulionyooka, kama kunguru anavyoruka, wakati wewe una kigari cha mtoto, kuna ngazi, kuna mto na daraja liko mbele huko, mita 400 zinakuwa kilomita nzima. Weka njia ya kutembea kwenye ramani mwenyewe.

Kwahiyo mimi nikipima, naanza na mlango na jiko, namaliza na mgahawa. Kwa kila siku nadhani jirani mwenye maana kwa familia ni ile migahawa ya kawaida inayopika vizuri kwa bei ya kueleweka, hata hao Michelin wana alama yake, Bib Gourmand, tangu 1997, unaingia saa kumi na mbili na nusu bila kubuku miezi miwili, mtoto akichafukwa unalipa unaondoka na hakuna kilichoharibika. Wasio na mtoto mdogo, wenye wa miaka kumi na kuendelea ambaye anaweza kukaa mezani kwa saa mbili nzima na anapenda kuonja, hao hesabu yao ni nyingine na huo mtaa wa gharama unaweza kuwafaa kabisa.

Siku hizi kabla sijalipa natuma ujumbe mmoja kwa hoteli, chumba cha kulala kina mlango unaofungika au ni pazia, kitanda cha mtoto kinawekwa na kinahesabiwa kwenye idadi ya watu au hapana, dirisha la chumba cha kulala linaangalia nini, na saa sita usiku nikikwama nampigia nani. Mara ya mwisho hoteli mbili zilijibu "tuko karibu na migahawa mizuri sana". Ya tatu ikajibu mlango upo ila unakwaruza sakafu ukiufunga, mtoto anaweza kuamka. Tukaenda huko, na kweli unakwaruza.