Waliopatana kuachana wasilazimishwe kutafutana makosa

Mtoto wa dada yangu ana miaka 11. Juzi usiku alinipigia WhatsApp kutoka Dodoma, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mama mdogo, eti baba alikuwa anampiga mama?" Nilikuwa nimetoka zamu, nimekaa kituo cha basi hapa Leicester, Uingereza, na jibu likanikwama. Baba yake hakuwa mtu wa kupiga. Lakini maneno hayo yamo kwenye jalada la mahakama, na dada ndiye aliyeyatoa.

Dada na shemeji waliishi miaka 14. Hapakuwa na fumanizi. Shemeji alihamia Kongwa kikazi, akawa anarudi mara chache, na kila akirudi watu wawili wanakaa sebuleni hawana la kuambiana. Wakakubaliana kuachana. Wazee wa pande zote mbili walikaa, habari ya ng'ombe wa mahari ikazungumzwa ikaisha. Baraza la kata nalo likawaita, likawasikiliza, mwisho likatoa hati kwamba usuluhishi umeshindikana. Mpaka hapo sina ugomvi na mtu yeyote.

Kazi ilikuja kwenye kufungua shauri. Sheria ya Ndoa ya 1971 ina msingi mmoja tu wa talaka: ndoa iwe imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Msingi mzuri kabisa, na Waingereza walianza kutumia huohuo mwaka uleule. Shida ni namna ya kuonyesha kwamba imevunjika. Kifungu cha 107 kinataja ugoni, ukatili wa mwili au wa akili, kumpuuza mwenzako kwa makusudi, kumtelekeza kwa miaka 3, kifungo kirefu gerezani, ugonjwa wa akili na mengineyo. Wasio na kosa la kutaja wameachiwa mlango wa kutengana kwa hiari, nao unataka miaka 3 kamili. Dada alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Ni kweli hakimu hafungwi na orodha hiyo peke yake, lakini nenda kwenye varanda ya mahakama ya mwanzo uwaulize wanaosubiri, kila mtu atakwambia: lete kosa.

Shemeji alijitolea kubeba lawama kwa kufungua shauri yeye. Ikashindikana, maana kwa kawaida mtu hapewi talaka kwa kutegemea kosa lake mwenyewe tu. Ikabidi dada amshitaki. Akachukua ugomvi mmoja wa zamani, siku shemeji alipomsukuma mlangoni, akaukuza mpaka ukawa kipigo cha kila siku. Shemeji akasimama, akakubali yote. Majirani waliokuja kusikiliza kesi zao walisikia na hiyo, na mtaani kwetu habari haichukui siku mbili kumfikia mtoto.

Nilikofikia mimi mambo ni mengine. Mwenzangu kazini, Mkenya, aliomba talaka kwenye simu wakati wa mapumziko ya chai. Tangu tarehe 6 Aprili 2022, hapa England na Wales hutakiwi kutaja kosa lolote. Unatamka tu kwamba ndoa imevunjika, wewe peke yako au mkiomba wote wawili. Zinapita wiki 20 kabla ya amri ya kwanza, kisha wiki 6 nyingine, basi. Mwenzako hawezi kupinga eti kwa sababu hataki. Zamani haikuwa hivyo. Mama mmoja, Tini Owens, alifika mpaka Mahakama ya Juu ya Uingereza mwaka 2018 akanyimwa talaka, kwa kuwa makosa aliyoyaeleza hayakutosha, akalazimika kungoja mpaka 2020 itimie miaka 5 ya kutengana. Kesi ile iliwauma watu wengi, na sheria ikabadilishwa.

Lakini yule mwenzangu aliniambia jambo ambalo sijalisahau. Katika wiki zote 26 hakuna mtu hata mmoja aliyemkalisha na mumewe akawauliza kimewasibu nini. Barua pepe zilikuja, zikajibiwa, ndoa ya miaka 9 ikaisha. Mimi binti wa Dodoma nililia kumsikia. Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wa huku wanaotaka baraza lifutwe nyumbani. Baraza linahitaji muda wa kusuluhisha, na muda huo si mwingi kwa watu waliozaa pamoja. Kinachoniudhi ni wajumbe wanaomwambia mwanamke mwenye makovu arudi akavumilie. Huyo asizuiwe hata wiki. Tena sheria yenyewe inaruhusu kulikwepa baraza pale mahakama ikiridhika kuna mazingira yasiyo ya kawaida yanayofanya kwenda huko kusiwezekane. Waambiwe hivyo wazi, wengi hawajui.

Na msidhani makosa ndiyo yanayogawa nyumba. Mahakama inaangalia mchango wa kila mmoja, na tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed ya mwaka 1983 kazi za nyumbani nazo ni mchango. Basi lile tope lote dada alilompaka mwenzake halikumwongezea hata tofali.

Ninachoomba kwa wabunge, ambao wanakaa hapohapo Dodoma, ni kidogo: wawili waliokwisha kupita barazani, wakasema kwa hiari yao kwamba wameshindwa, hiyo hati iwatoshe. Wasiambiwe wangoje miaka 3, wala wasitafute kosa.

Kesho yake nilimpigia mtoto. Nikamwambia hapana, baba yako hakuwa anampiga mama. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa nini basi mama alisema hivyo mbele ya hakimu.