Fosforasi ya malisho: tuutazame mzizi au kuvu?

Mwaka 2018 watafiti Megan Ryan na James Graham walichapisha katika jarida la New Phytologist hoja iliyowachoma wengi: mkulima hana sababu ya kutosha ya kuhangaikia wingi wala aina za kuvu wa mikoriza, wale wanaoishi ndani ya mizizi na kubadilishana chakula na mmea, shambani mwake. Mwaka uliofuata Matthias Rillig na wenzake wakawajibu katika jarida hilohilo kwamba sababu zipo, na kwamba mavuno peke yake si kipimo. Mjadala wao ulihusu mazao ya shambani. Nauleta kwenye mikunde ya malisho, yaani klova, seradela, lusini na jamaa zao, kwa kuwa hapo kila upande una ushahidi mzito, na hapo pia upungufu wa kila upande unaonekana wazi.

Shida huanzia udongoni. Nitrati hubebwa na maji hadi mzizini, lakini fosfati, umbo la fosforasi ambalo mmea hulichota, hunaswa: katika udongo wenye asidi hushikwa na chuma na alumini, na katika udongo wenye chokaa nyingi hushikwa na kalisi. Inayobaki imeyeyuka ni kidogo mno, nayo husogea polepole sana. Mzizi ukishaichota ya jirani, ukanda wa milimita moja au mbili kuuzunguka hubaki mtupu, na mmea hukaa na njaa ilhali fosforasi iko hatua chache tu mbele. Kwa mikunde njaa hiyo ni kali zaidi. Bakteria walio kwenye vinundu vyake hutumia angalau molekuli 16 za ATP, kibeba-nishati cha seli, kugeuza molekuli moja ya naitrojeni ya hewani, na ATP haitengenezwi bila fosforasi. Klova ikikosa fosforasi, nyasi zinazoitegemea kwa naitrojeni nazo hudhoofika.

Hapo ndipo kuvu anapoingia. Nyuzi zake zina kipenyo cha mikromita chache tu, kwa hiyo hupenya vitundu ambavyo mzizi hauwezi kuvipita, na huvuka ule ukanda mtupu hadi sentimita kadhaa mbele. Mwaka 1992 Iver Jakobsen, Lynette Abbott na Alan Robson waliufuatilia mwendo huo kwa fosforasi ya mnururisho katika Trifolium subterraneum, klova inayofukia mbegu zake ardhini, na wakaona kuwa spishi za kuvu hazilingani katika umbali zinaofika. Fosforasi ikishachukuliwa hufungwa kuwa polifosfati, yaani minyororo ya fosfati, husafirishwa ndani ya nyuzi, kisha hukabidhiwa mmea ndani ya seli za mzizi, kwenye vijitawi viitwavyo arbaskuli. Mmea hulipa kwa sukari na kwa mafuta, maana kuvu huyu hawezi kujitengenezea asidi za mafuta anazohitaji. Katika Medicago truncatula, ndugu wa lusini, mmea ukikosa protini ya PT4 inayopokea fosforasi kutoka kwa kuvu, arbaskuli hufa mapema. Asiyeleta mzigo hatunzwi.

Pamoja na hayo, wanaotilia shaka wana hoja ambazo wapenzi wa kuvu huzipita haraka mno. Mwaka 1995 Schweiger, Robson na Barrow walilinganisha mimea kadhaa ya malisho, wakaona kuwa kadiri vinyweleo vya mizizi vilivyokuwa virefu, ndivyo kuvu alivyoongeza kidogo kwenye ukuaji. Seradela ina mizizi mirefu, myembamba, yenye vinyweleo virefu, na hustawi kwenye kiwango cha fosforasi ambacho klova ya Trifolium subterraneum hudumaa, ingawa zote mbili hukaliwa na mikoriza. Lupini, mkunde mwingine, kwa kawaida haishirikiani na mikoriza. Lupini nyeupe huotesha vishada vya vimizizi vinavyomwaga sitrati na kuifungua fosforasi iliyonaswa. Kuvu wa mikoriza, kwa sehemu kubwa, huchota kutoka akiba ileile ambayo mzizi ungeichota, ila huifikia mbali zaidi. Kama kuna umbo la mzizi linaloweza kufanya kazi hiyo, kwa nini tusianze kwa kuchagua mmea?

Hoja hiyo naikubali, ila nakataa kipimo kinachotumiwa kuihitimisha. Mwaka 2003 Sally Smith, Andrew Smith na Jakobsen walionyesha kuwa fosforasi nyingi ya mmea yaweza kupitia kwa kuvu hata pale mmea wenye kuvu haukui kuliko usio naye. Mzizi hupunguza uchotaji wake wa moja kwa moja, na njia ya kuvu huchukua nafasi. Mizani ikionyesha uzito uleule, mtafiti huandika kwamba kuvu hakusaidia, ilhali ndani ya mmea kazi imebadilisha mikono. Tena mmea wa kulinganishia mara nyingi hukuzwa kwenye udongo uliochemshwa au kupigwa mionzi, udongo ambao hakuna mfugaji anayeumiliki. Kwenye malisho ya kudumu kuvu tayari yupo. Ndiyo maana sioni haja ya kununua unga wa spora kwa ajili ya malisho yaliyokwisha shika, na sioni haya kulisema.

Kinachobaki mikononi mwa mfugaji ni vitu viwili: mkunde upi apande, na kiwango cha fosforasi anachokilenga. Vinaendana. Fosforasi ikiwa tele, mmea wenyewe hupunguza kumpokea kuvu, na ziada hunaswa udongoni. Mkunde wenye mzizi bora humruhusu mfugaji kulenga kiwango cha chini, na kiwango cha chini humwachia kuvu nafasi ya kufanya kazi. Tofauti hii ya mzizi dhidi ya kuvu, kwa hiyo, imekuzwa kupita kiasi na pande zote mbili. Wala hakuna kati yao anayeumba fosforasi: inayoondoka kwa nyama, maziwa na majani makavu lazima irudishwe.

Kwa wazalishaji wa mbegu nina dai moja. Mikunde mipya ijaribiwe kwenye udongo hai usiochemshwa, penye fosforasi kidogo, na aina zote za kuvu zihesabiwe. Mwaka 2017 watafiti wa Australia walithibitisha kwamba yule kuvu mwenye nyuzi nyembamba kuliko wengine, aliyekuwa akiitwa Glomus tenue na aliye wa kawaida kwenye mizizi ya klova, ni wa kundi jingine kabisa, Mucoromycotina. Majaribio mengi ya kabla ya hapo yalimhesabu pamoja na wengine, na mchango wake katika kulisha klova bado unapaswa kupimwa peke yake.