Reli za Kuvuka Mipaka: Nani Hulipa Mzigo Usipokuja?

Kila inapotangazwa reli mpya ya kuunganisha nchi mbili au tatu za Afrika, mjadala hugawanyika pande zilezile. Upande mmoja unalia mtego wa madeni: mkopeshaji anajua hatutaweza kulipa, na anachosubiri ni kuchukua bandari. Upande wa pili unajibu kwamba biashara haiwezi kukua juu ya barabara za mashimo, na kwamba wanaotuonya leo ndio walewale waliokataa kutukopesha jana. Kila upande una hoja za kweli, ila macho yote yameelekezwa kwa mkopeshaji. Kwangu mimi kifungu cha mkataba cha kusomwa kwanza ni kile kinachosema, au kinachonyamaza kusema, nani atabeba hasara mzigo usipokuja.

Mfano ulio karibu ni SGR ya Kenya, yaani reli ya kisasa ya geji (upana wa reli) ya kimataifa. Reli ya Mombasa hadi Nairobi ilianza kazi mwishoni mwa Mei 2017, ikiwa imejengwa na China Road and Bridge Corporation kwa mikopo ya Benki ya Exim ya China. Mkopo wa 2014 ulikuwa na sehemu mbili zinazokaribiana kwa ukubwa, kila moja dola bilioni 1.6 hivi. Ya kwanza ilikuwa ya masharti nafuu, kwa riba ya asilimia 2. Ya pili ilikuwa ya kibiashara, riba yake ikipanda na kushuka na soko la kimataifa na kuongezwa asilimia 3.6 juu. Serikali ilipoweka baadhi ya mikataba hiyo hadharani mwezi Novemba 2022, wengi walikimbilia kutafuta kifungu cha bandari. Hofu hiyo haikuwa ya kubuni tu, maana Mamlaka ya Bandari ya Kenya ilikuwa imefungwa na makubaliano ya kuipatia reli kiasi fulani cha mzigo kila mwaka, mzigo uwepo usiwepo. Lakini bandari haijachukuliwa. Kilichouma zaidi kilikuwa cha kawaida kabisa: deni la dola, mapato ya shilingi. Mkopo ulipotiwa saini dola moja ilikuwa karibu shilingi 87. Januari 2024 ilifika 160.

Sasa, mzigo. Njia hii ilielezwa kuwa na uwezo wa kubeba tani milioni 22 kwa mwaka. Miaka ya karibuni imekuwa ikibeba karibu milioni 6. Mtetezi wa mradi atasema, na ana haki, kwamba hesabu hazikuwa za Mombasa na Nairobi peke yake. Reli ilikusudiwa kufika Malaba, mpakani na Uganda, ivuke hadi Kampala, halafu Kigali. Mzigo wa Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo ndio ungeijaza. Ukikata njia ya kilomita zaidi ya elfu moja ikaishia katikati, usiilaumu kwa kutobeba mzigo wa upande ambao haijafika.

Ni hoja nzuri, na ndiyo inayonipa shaka kubwa. Mradi ambao faida yake ilitegemea Kampala na Kigali ulikopewa fedha na Nairobi peke yake. Majirani hawakuwa wameweka saini kwenye mkopo huo. Mwaka 2016 Rwanda ilionyesha kuegemea njia ya Tanzania, na mwaka huohuo Uganda ikachagua Tanga badala ya pwani ya Kenya kwa bomba lake la mafuta. Kila mmoja aliangalia masilahi yake, kama ambavyo Kenya ingefanya. Reli ilipofika Naivasha mwaka 2019, China haikutoa fedha za kuendelea. Njia ya kisasa ikabaki pale, na mzigo wa kwenda mbele ukahamishiwa kwenye reli ya zamani ya geji ya mita au ukapakiwa kwenye malori.

Pengo hilo lililipwa na nani? Kwanza na waagizaji, kupitia tozo ya maendeleo ya reli inayokatwa kwenye bidhaa zinazoingia nchini, hata zile ambazo hazitapanda treni. Pili na wenye malori na mawakala wa forodha wa Mombasa, serikali ilipoagiza kontena zisafirishwe kwa SGR na kukaguliwa bara. Mahakama Kuu ilibatilisha agizo hilo mwaka 2020, na Rais Ruto aliliondoa siku alipoapishwa, Septemba 2022. Ukiona serikali inamlazimisha mteja apande treni, ujue hesabu za awali hazikutimia. Lakini tuwe waadilifu: treni ya abiria hujaa, na kila kontena linalopita relini ni lori moja pungufu kwenye barabara ya Mombasa, ambayo matengenezo yake nayo yanagharimu fedha za umma. Hesabu hizo mara nyingi hazimo kwenye makala za wakosoaji.

Wapo wanaodhani dawa ni kuifanya reli kuwa mali ya pamoja tangu mwanzo. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ilikuwa hivyo. Baada ya walowezi wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) kujitangazia uhuru mwaka 1965, shaba ya Zambia ilikuwa inapita kwenye milango ya adui. Benki ya Dunia na nchi za Magharibi ziliona reli ya kwenda Dar es Salaam haitalipa. China ikakopesha bila riba, na kati ya 1970 na 1975 zikatandikwa kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Nusu mali ya Tanzania, nusu ya Zambia. Kisiasa ulikuwa ushindi usiopingika, na nani leo atasema Zambia ingesubiri upembuzi yakinifu uwe na majibu mazuri?

Kibiashara, hata hivyo, wale waliokataa hawakukosea kabisa. Reli ilijengwa kwa tani milioni 2 kwa mwaka na haijawahi kuzifikia. Zimbabwe ilipopata uhuru mwaka 1980, njia za kusini zikafunguka tena, na mzigo haujui urafiki: ukafuata njia rahisi. Mwaka wa fedha 2014/15 TAZARA ilibeba chini ya tani laki moja. Hapo mkopeshaji hakuwa mnyonyaji, riba haikuwepo, nchi zote mbili zilikuwa wanahisa. Kilichokosekana ni mtu wa kuwajibika vichwa vya treni vinapokufa. Kila mwenye hisa alimngoja mwenzake atoe fedha, na mali ya serikali mbili ikawa yatima.

Nitaje na upana wa reli, jambo ambalo wanasiasa hulipita haraka. TAZARA ina upana wa milimita 1,067, sawa na reli za kusini mwa Afrika. Reli ya Kati ya zamani ya Tanzania ni milimita 1,000. SGR mpya ya Tanzania, kama ile ya Kenya, ni 1,435. Kwa hiyo nchi moja ina geji tatu, na pale Kidatu mzigo unaotoka reli moja kwenda nyingine hushushwa na kupakiwa upya. Kila mfadhili na kila zama ilikuja na kipimo chake. Fedha za ujenzi hutangazwa kwa mabilioni. Gharama ya kupakua na kupakia haina sherehe ya kukata utepe.

Mtindo unaosifiwa sasa ni wa kukabidhi reli kwa kampuni binafsi kwa mkataba wa miaka mingi. Angola ilikabidhi Reli ya Benguela, kilomita zaidi ya 1,300 kutoka bandari ya Lobito hadi mpaka wa Kongo, kwa ubia wa kampuni za Trafigura, Mota-Engil na Vecturis kwa miaka 30. Shirika la serikali ya Marekani la kufadhili maendeleo liliahidi mkopo wa dola milioni 553, na Rais Biden akaenda Lobito mwenyewe Desemba 2024. (Ule mradi ulionadiwa kuwa jibu la Magharibi kwa China unapita juu ya njia iliyofufuliwa na mkandarasi wa Kichina baada ya vita vya Angola.) China nayo imebadili mtindo: Septemba 2025 kampuni ya CCECC ilisaini mkataba wa miaka 30 wa kuikarabati na kuiendesha TAZARA, kwa uwekezaji wa takribani dola bilioni 1.4.

Faida iko wazi. Zambia ilishindwa kulipa hatifungani zake mwaka 2020. Haina nafasi ya kuongeza deni kwa ajili ya reli. Mwekezaji akiweka fedha zake, mzigo usipokuja analia yeye, si mlipa kodi. Na kwa kuwa Lobito na Dar zinagombea shaba ileile, wachimbaji wa Copperbelt ya Zambia na Katanga ya Kongo wana pa kuchagua. Kwa nchi isiyo na bahari, ushindani wa wenye bandari ni neema.

Upande wa pili wa mtindo huu unajadiliwa kidogo mno. Trafigura ni mfanyabiashara wa madini, na sasa ana sauti katika reli inayosafirisha madini. Mfanyabiashara mshindani akiomba mabehewa, atapewa kwa zamu na bei ileile? Mkataba unaweza kusema ndiyo. Anayekagua utekelezaji ni nani, na yuko katika nchi ipi kati ya zinazohusika? Halafu, kampuni inayotafuta kurudisha mtaji wake itapenda shaba inayotoka na mafuta na kemikali zinazoingia, kabla ya mkulima mwenye magunia mia mbili ya mahindi kwenye stesheni ndogo. TAZARA, pamoja na udhaifu wake wote, ilikuwa usafiri wa vijiji ambavyo havina barabara ya maana.

Wala kampuni binafsi si kinga. Kenya na Uganda zilikodisha reli yao ya zamani kwa Rift Valley Railways mwaka 2006, kwa mkataba wa miaka 25, na wakopeshaji wa kimataifa wakaingiza fedha. Mwaka 2017 mkataba ulivunjwa pande zote mbili za mpaka, mwekezaji akilaumiwa kwa kutotimiza ahadi. Serikali zikarudishiwa reli iliyochoka. Kwa hiyo ile kauli kwamba hasara ni ya mwekezaji ina mwisho wake: akishindwa kabisa anaondoka, na reli inabaki pale ilipo.

Kuna upande mwingine wa biashara hii ambao naamini unalipa kuliko reli yoyote, na ambao wafadhili huupa fedha kidogo: mpaka wenyewe. Nchi za Ushoroba wa Kaskazini, njia ya biashara kutoka Mombasa kwenda bara, zilipoanza kutoza ushuru mara moja bandarini mwaka 2014, takwimu rasmi za wakati ule zilisema safari ya mzigo kutoka Mombasa hadi Kampala imeshuka kutoka siku 18 hadi 4. Barabara ilikuwa ileile. Januari 2022 Uganda ilipoweka ada ya kipimo cha korona kwa madereva, foleni ya malori ikarudi nyuma kutoka Malaba kwa makumi ya kilomita. Barabara ilikuwa ileile tena.

Daraja la Kazungula kati ya Zambia na Botswana, lililofunguliwa Mei 2021, linaonyesha mambo hayo mawili yakifanywa pamoja. Lina urefu wa mita 923, limepinda ili lisiguse Zimbabwe, na limechukua nafasi ya vivuko ambavyo malori yalivisubiri kwa siku kadhaa. Japani na Benki ya Maendeleo ya Afrika zilikopesha, nchi zote mbili zikagawana gharama, na kituo cha huduma za pamoja mpakani kikajengwa ndani ya mradi uleule. Mkosoaji atasema daraja ni rahisi kuliko reli: nchi mbili, mto mmoja, na malori tayari yamepanga foleni pande zote. Ni kweli. Lakini hayo malori ndiyo kitu ambacho miradi mikubwa haikuwa nacho siku ya kusaini.

Kwa kigezo cha nchi kugharamia pamoja, nauona ufadhili wa reli ya Tanzania na Burundi, kutoka Uvinza hadi Musongati, kuwa umepangwa vizuri kuliko ule wa Mombasa. Desemba 2023 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha karibu dola milioni 696 kwa mkupuo mmoja: Burundi ikipewa ruzuku, Tanzania mikopo na dhamana. Nchi mbili ziko kwenye karatasi moja kabla ya tuta la kwanza kuinuliwa. Wasiwasi wangu ni kwamba hesabu zinaegemea nikeli ya Musongati, madini ambayo yamezungumzwa kwa miongo mingi bila mgodi mkubwa kuchimbwa. Nikeli isipotoka ardhini, behewa la kwenda Dar litajazwa na nini?

Kenya nayo imetangaza kuendelea kutoka Naivasha hadi Kisumu na Malaba, safari hii ikikopa kwa kutegemea mapato ya ile tozo ya reli. Mwaka 2025 ilibadilisha mikopo ya SGR kutoka dola kwenda yuan, hatua ambayo Hazina inasema inaokoa dola milioni 215 kwa mwaka. Uganda, baada ya kuachana na mkandarasi wa Kichina aliyesubiri fedha za Exim kwa miaka minane, ilisaini na Yapı Merkezi ya Uturuki mwaka 2024 kujenga kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala kwa euro bilioni 2.7. Sasa pande zote mbili zina tena mpango wa kukutana Malaba. Lakini ni mikopo miwili tofauti, wakandarasi tofauti na kalenda tofauti, na sijaona popote kifungu kinachosema nani atamfidia nani iwapo mmoja atafika mpakani miaka mitano kabla ya mwenzake.