Kwa nini nimeiita Kasorobo

Wiki tatu nzima programu yangu ilikuwa imekamilika, inafanya kazi vizuri, na haina jina la kudumu. Ni kijisehemu kidogo cha chanzo huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia, cha kutiwa ndani ya programu nyingine: ukikipa saa ya kompyuta, kinakurudishia saa ya Kiswahili kwa maneno. 09:15 inakuwa saa tatu na robo asubuhi. Kuuandika msimbo kulinichukua siku nne. Jina ndilo lililonikosesha usingizi, na sijutii. Msimbo waweza kuandikwa upya hata kesho, lakini watu wakishaliingiza jina katika kazi zao, ukilibadilisha unawavunjia.

Mwanzo nilikiita kwa herufi saba za mkato, bila irabu hata moja. Mwenzangu mmoja wa Mwanza akanipigia simu nikiwa ndani ya matatu, tunavuka daraja la Nyali, muziki juu. "Kaka, nisomee tena." Nikamsomea: s ya samaki, w ya wali, t ya tui. Mara tatu. Bado alikosea herufi moja, na sajili ya vifurushi, yaani ghala la mtandaoni ambako waandishi wa programu huchukua vijisehemu kama changu kwa majina yao, ikamjibu kwamba kitu hicho hakipo. Ilikuwa bahati. Wako watu wanaovizia makosa kama hayo, wakasajili jina linalokaribiana na la kifurushi maarufu na kuficha ndani yake programu ya kuiba nywila. Jina lisilotamkika ni mlango ulioachwa wazi.

Hapo ndipo nilipoamua kwamba jina litakuwa la Kiswahili, na ningependa wenzangu wa pwani na bara wafanye vivyo hivyo. Lugha yetu huandikwa kama inavyotamkwa. Mtu akilisikia jina barazani, kahawa mkononi, akirudi nyumbani atalichapa bila kuuliza.

Huambiwa kwamba wageni watalikimbia. Mbona hawakuikimbia Kubernetes, programu ya kuendesha programu nyingine kwenye kompyuta nyingi kwa pamoja? Google waliitoa mwaka 2014 kwa neno la Kigiriki lenye maana ya mshika usukani, neno gumu kwa ulimi wa karibu kila mtu, na dunia nzima ikajifunza kulitamka. Sisi tulio Mombasa, ambako nahodha, tanga na foromali ni maneno ya wazee wetu, hatuna haja ya kwenda kuazima usukani ugenini. Tena Ushahidi, programu iliyozaliwa Kenya baada ya uchaguzi uliozua ghasia, mwaka 2008, imetumika nchi nyingi kwa jina lilelile. Hakuna aliyelifasiri.

Lakini si kila neno la Kiswahili linafaa. "Saa" nililiacha mapema. Ukilitafuta kwenye intaneti unazama. "Magharibi" nililipenda, kwa kuwa kwetu ndiyo saa ya kuswali na taa kuwashwa, ila mwenzangu wa Dodoma alipolisikia aliwaza Ulaya na Marekani. "Majira" liliniuma zaidi kuliachia. Ni wakati, na kwa mabaharia ni njia ya chombo pia. Nikakumbuka kwamba ni jina la gazeti la Tanzania.

Na hili la jina lenye mwenyewe si dogo. Kivinjari tunachokiita Firefox kilianza mwaka 2002 kwa jina la Phoenix. Kampuni yenye alama ya biashara ya jina hilo ikalalamika, kikaitwa Firebird mwaka 2003. Kumbe kulikuwa na mradi wa hifadhidata, nao wa chanzo huria, wenye jina hilohilo, na watu wake wakaudhika, kwa haki. Firefox lilikuja mwaka 2004, jina la tatu. Saa mbili za kupekua sajili kabla ya kutangaza zingewaepusha na mengi.

Jina langu hatimaye lilitoka ndani ya kazi yenyewe. Toleo la kwanza ukilipa 15:45 lilijibu "saa tisa na dakika arobaini na tano alasiri". Hesabu sahihi, lakini nenda Kongowea sokoni ukasikilize kama kuna mtu anasema hivyo. Watu husema saa kumi kasorobo. Yaani ikipita nusu saa huitazami tena saa uliyo nayo, unaitazama inayokuja na kusema imepunguka nini. Mistari ile michache ya kuvuka kwenda saa inayofuata ndiyo iliyonitoa jasho, na ndiyo inayofanya jibu lisikike kama limesemwa na mtu.

Binamu yangu alipinga: "Utaiita programu kasoro? Watu watasema ina makosa." Nilimsikiliza, maana hoja yake ina uzito, kasoro ni dosari pia. Ila nilipomwambia mamangu neno hilo peke yake, bila maelezo, alinyanyua macho akatazama saa ya ukutani. Hilo lilinitosha.

Nimepekua sajili, hakuna mwenye nalo. Mstari wa kwanza wa maelezo nimeuandika kwa ajili ya wasiojua Kiswahili: kasorobo ni dakika kumi na tano kabla ya saa kutimia, na hutamkwa kama ilivyoandikwa.