Nyumba ya Babu Mikindani Isiuzwe

Nyumba ya babu pale Mikindani, mji mkongwe wa pwani jirani na Mtwara, ina baraza ndefu ya mawe iliyolainika kwa kukaliwa. Asubuhi tulisomea Kurani hapo, na jioni tulisukwa nywele hapo hapo huku bibi akitutegea vitendawili. Sasa ni mwaka wa sita imefungwa. Warithi tumefika kumi na wanne, na baadhi ya ndugu zangu wanataka iuzwe tugawane. Mimi nasema isiuzwe, na kufuli litoke pia. Tuiweke wakfu, mtaa mzima upate mahali pa kukutana na kujifunza.

Boma la Wajerumani la mwaka 1895 lilikarabatiwa likawa hoteli, na nashukuru lilinusurika. Ila ukishuka kutoka bomani unapita katikati ya nyumba za wenyeji zilizobaki kuta, mipapai imeota ukumbini. Bandari kubwa ilipojengwa Mtwara kwa sababu ya ule mradi wa karanga wa Waingereza, biashara ilihamia huko, na matajiri wengi wakaifuata. Waliobaki ndio waliozitunza hizi nyumba kwa mikono yao. Mgeni anaoneshwa mahali alipopita Livingstone mwaka 1866. Wajukuu wa waliobaki hawana pa kuoneshwa babu zao waliishije.

Na kuitunza nyumba ya namna hii ni elimu. Miaka michache iliyopita ndugu yetu mmoja, kwa nia njema kabisa, aliupiga plasta ya saruji ukuta wa mashariki. Mwaka wa kwanza ulipendeza. Lakini kuta zetu ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, zinavuta unyevu na kuutoa. Saruji iliziba, maji yakanasa ndani, chumvi ikapanda. Juzi niliugonga ukuta kwa kidole, ukalia kama debe. Nikabandua kipande cha ukubwa wa sinia, na chokaa ya nyuma yake ikanimwagikia mkononi kama unga wa muhogo. Juu, boriti za mikoko zimeoza pale ncha zilipoingia ukutani. Ukuta wa magharibi, ambao haujaguswa tangu babu yuko hai, umekauka kau, na vidaka vyake, vile vishubaka vya kuwekea vitu ukutani, bado vina makali.

Mafundi wanaojua kuloweka chokaa na kuipiga ikashika wamebaki wazee wachache. Tukikarabati chumba kimoja kimoja, vijana wanaosubiri msimu wa korosho wakashika mwiko pembeni ya hao wazee, tutakuwa na mafundi wa Mikindani nzima. Mawe ya nyumba zilizokwisha kuanguka yatatosha, wenyewe wakiridhia. Matumbawe ya baharini tuyaache yalee samaki. Alasiri, watoto wafanyie kazi za shule barazani. Kina mama wasukie ukili uani, mabinti wakiwa karibu waone mkono unavyokwenda.

Shangazi yangu ameuliza swali la haki: nani atalipa? Chumba cha mbele kinatazama barabara. Tukimpangisha mama wa chai na ming'oko, vile viazi vya porini vya kuchemsha, kodi yake itamlipa mtu wa kufagia, kufungua na kuziba paa kabla ya masika. Haitatutajirisha, lakini nyumba yenye moto wa jiko na watu ndani haishindwi na mchwa upesi.

Kwa nini wakfu, badala ya kukubaliana tu kwa maneno? Kwa sababu nimeona makubaliano ya maneno yakizikwa pamoja na waliokubaliana. Mali iliyowekwa wakfu haiuzwi, hairithiwi, wala hapewi mtu zawadi. Ina msimamizi, naye anaulizwa. Wazee wetu walijenga misikiti na kuchimba visima kwa njia hii hii, wala si jambo geni kwetu.

Kikao cha warithi ni baada ya Idi. Nitakwenda na kile kipande cha plasta nimekifunga kwenye kanga, nikiweke mkekani kila mmoja akishike. Kisha nitaitaja sehemu yangu, nami niwe wa kwanza kuitoa.